Mwaka Konokono Alipoacha Kuchekesha

Sauti niliitambua kabla ya sura. Nilikuwa nimeingia duka la pembejeo pale Karatu, nyuma kidogo ya stendi, kutafuta dawa ya minyoo ya mbuzi. Kaunta ilikuwa imezibwa na mama mmoja mwenye kanga mbili, aliyetaka kujua kama dawa ya kupulizia mahindi aliyoishika itafaa na dengu. Muuzaji alivaa miwani, akaigeuza chupa, akasoma kwa utaratibu. "Hapa wameandika mahindi. Dengu hawakuandika." Mama akasema, "Lakini si itafaa tu, baba?" Yeye akamrudishia chupa. "Mimi nakusomea kilichoandikwa, mama. Kisichoandikwa sikijui." Nikabaki mlangoni na mkoba wangu begani. Sauti ile niliijua. Ila mimi niliijua ikisema uongo mtamu kuliko uongo wowote niliowahi kuusikia, ikitoka kwenye spika mbili zilizofungwa kwa waya chini ya paa la bati. Mtu huyo ni Paskali. Nywele zimekuwa nyeupe na bega moja limelala, lakini ni yeye. Hakunitambua, nami sikujitambulisha upesi, kwa sababu kuna jambo nililomfanyia miaka zaidi ya ishirini iliyopita, na mpaka dakika ile sikuwa na hakika kama analijua.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule nilishaiacha kidato cha pili, nikashuka kutoka Wasso juu ya magunia ya maharage, na Karatu ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa mbali na kwetu mwaka mzima. Tangu hapo sijakaa mahali muda mrefu hivyo tena. Nilipata kazi kwa mtu mmoja wa Kilimanjaro ambaye kila mtu alimwita Mangi, kama wanavyoitwa wenye maduka wengi wa kwao. Mbele alikuwa na hoteli ya chai na chapati, nyuma alikuwa na banda la video. Asubuhi nilisukuma chapati, mchana niliosha vyombo, na katikati ya hayo nilifagia banda. Kilikuwa chumba kirefu cha mabati chenye sakafu ya udongo uliomwagiwa maji ili vumbi litulie, mabenchi tisa, runinga yenye kisogo kikubwa iliyofungiwa ndani ya sanduku la nondo, na harufu ya soksi, ugoro na maganda ya karanga. Mwezi wa saba, baridi inaposhuka kutoka msituni kule kreta, watu walibanana humo kwa ajili ya joto tu, hata kama picha walishaiona.

Kwa asiyejua kazi ile, mtafsiri wa banda la video hukaa pembeni ya runinga na maiki. Sauti ya picha inapunguzwa, naye anasema kwa Kiswahili maneno ya wote waliomo, wanaume, wanawake, watoto na wanyama, kwa koo moja. Paskali alikuwa Mwiraki wa upande wa Mbulumbulu, na Kiingereza alikiokota akibeba mizigo ya wageni. Picha za vita alizitafsiri vizuri kama wenzake. Lakini kilichomfanya ajulikane hadi Baray ni katuni moja ya Kijapani ambayo Mangi aliileta kutoka Arusha, CD kumi na mbili ndani ya mfuko wa rambo. Neno anime hatukuwa nalo. Tulisema katuni ya konokono. Konokono huyo alikuwa mkubwa kama kilima, na mgongoni alibeba hoteli ndogo yenye taa. Ndani mlikuwa na mama mpishi mnene, kijana mwenye kofia ya njano, na ndege asiye na manyoya. Walipita kijiji hadi kijiji, na watu wakapanda, wakala, wakashuka. Wajapani walisema Kijapani, chini yakapita maandishi ya Kiingereza, na juu ya vyote akasema Paskali.

Kijana alimpa jina la Tluway, akasema ametoroka shamba la baba yake Endabash. Mpishi akawa Mama Ntilie. Ndege akawa Askari wa Getini. Na konokono alikuwa Basi la Mang'ola, ambalo kila mtu wa huko anajua linavyotembea polepole. Nakumbuka CD ya kwanza vizuri kuliko siku niliyopata kipaimara. Mzee mmoja mwembamba alipanda juu ya konokono, akapewa bakuli la supu, akanywa kijiko kimoja, machozi yakaanza kumtoka. Paskali akavuta pumzi ndani ya maiki, akasema kwa sauti ya mzee, "Mama, hii pilipili umeitoa Mang'ola au umeitoa jehanamu?" Benchi la mbele lilianguka na waliolikalia. Mtu mmoja aliyebeba vitunguu siku nzima alipiga kelele, "Mwongezee, mama, mwongezee!" Nami nilisimama mlangoni na unga mikononi, nikicheka mpaka mbavu zikauma, na chapati zikaungua, na Mangi akanitukana, nikaendelea kucheka.

Siku za mnada walikuja wafugaji waliokwisha kuuza ng'ombe. Mmoja hakukosa. Aliitwa Saning'o, mtu wa makamo kutoka Kakesio, mrefu, viatu vya matairi, kikopo cha ugoro shingoni, na Kiswahili cha kuokoteza. Alikaa mwisho wa benchi karibu na mlango, akaiegemeza fimbo ukutani. Kwangu alikuwa mtani. "Ndito," aliniita, kama Wamaasai wanavyomwita msichana, "hii chapati yako nyembamba kama sikio la ndama. Nipe masikio mawili." Lakini banda likilipuka kwa kicheko, yeye hakucheka. Aliitazama runinga kama mtu anayehesabu mifugo ya mwingine. Nikajiambia haelewi lugha, maskini.

Mambo yalibadilika kwenye CD ya tano. Tluway alikaa kwenye pembe ya konokono, Mama Ntilie akiosha bakuli, na tukaanza kucheka kabla hajasema, kwa mazoea. Paskali akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, hawa tunaowalisha, mbona harudi hata mmoja?" Tukangoja. Akasema, sasa ni Mama Ntilie, "Hawarudi kwa sababu walishakufa, mwanangu. Hiki ndicho chakula chao cha mwisho." Halafu mtu akasema, "Kaka Paskali, leo umekula nini?" na kicheko kikatoka, lakini kwa ajili ya yule mtu, siyo kwa ajili ya katuni. Siku iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo, na iliyofuata tena. Msichana akala uji akieleza alivyozama mtoni. Askari wa Getini, ndege tuliyempenda kwa kuomba rushwa, akaacha kusema kabisa.

"Hii ni katuni au ni msiba?" mtu aliuliza.

"Turudishie pilipili!"

"Kaka, mimi nimefiwa mwezi uliopita, sikuja hapa kufiwa tena."

Hamu haikuniisha siku moja. Kwanza nilitoka katikati ya katuni kwenda kugeuza chapati, nikakawia kurudi. Baadaye nilisikia wimbo wake wa mwanzo ukipita kwenye mabati nisiache beseni la vyombo. Kisha nikaanza kuwakasirikia, Tluway na mpishi wake, kama unavyomkasirikia rafiki aliyekuzoesha utani halafu akaja na uso wa jiwe bila kusema kakosewa nini. Nilihisi nimeibiwa. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kushuku, ugonjwa nilionao mpaka leo, nilitaka kujua nani kaiba.

Nilianza kumchunguza Paskali. Wengine walisema ameokoka na anataka kututisha tukatubu. Sikuamini, maana nilimwona akinywa pombe Jumapili. Nilishuku kwamba CD za kuchekesha ameziuza kwa banda jingine lililofunguliwa njia ya Mbulu, akatuletea nyingine. Nikaenda huko kuangalia, nikakuta wanaonyesha mpira. Nikashuku Mangi mwenyewe. Kiwanja chake kilikuwa kinatamaniwa na wenye fedha waliotaka kujenga nyumba ya wageni, na banda lilikuwa linapungua watu, mabenchi tisa yakawa manne. Halafu siku moja ya mnada nilikwenda kumwaga maji machafu nyuma ya banda nikamkuta Paskali na Saning'o wamechuchumaa, wanakula makande kwenye sahani moja. Nilijibanza.

"Uliniambia utasema," Saning'o alisema.

"Nasema. Lakini watu wanakimbia, huoni?"

"Waache wakimbie. Sema kama yule anavyosema."

Nilijiambia, nimemkamata. Huyu Mmaasai katumwa, anamlipa Paskali aharibu banda ili Mangi auze kiwanja. Leo nikiandika naona upuuzi wake wote: mtu atoke Kakesio, atembee siku mbili na ng'ombe, ili aue banda la mabati. Lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa nimepata jibu, na jibu lilikuwa tamu.

Nilitaka ushahidi. Ufunguo wa banda nilikuwa nao kwa ajili ya kufagia, na asubuhi baada ya chapati kuisha kulikuwa na saa moja ambayo hakuna aliyeniuliza nilipo. Nilichukua kamusi yangu ya shule, iliyopoteza jalada na herufi A yote, nikaiweka CD ya kwanza kwenye deki, nikakaa chini karibu na runinga. Maandishi yalipita haraka, kwa hiyo nilisimamisha picha kila mstari, nikatafuta neno, nikaandika kwa mkaa kwenye boksi la sabuni. Neno likianza na A nililikisia. Yule mzee mwembamba alipanda, akanywa kijiko kimoja, machozi yakamtoka. Nilisimamisha picha. Ilinichukua kama robo saa kuumaliza mstari ule mmoja. Haukuwa na pilipili. Mzee alisema, "Sikumuaga mwanangu." Na mpishi alimjibu, "Kula kwanza. Utamuaga kutoka hapa."

Niliendelea asubuhi sita. Nilijifunza Kiingereza kingi kuliko nilichofundishwa miaka miwili darasani, na kila neno jipya lilinipokonya kicheko kimoja. Hapakuwa na Endabash. Hapakuwa na rushwa getini. Ndege yule alikuwa anataja majina ya waliokufa. Katuni haikubadilika kwenye CD ya tano. Ilikuwa msiba tangu dakika ya kwanza, na vichekesho vyote, kila kimoja, vilitoka kichwani mwa Paskali. Ungedhani ningestaajabu kwamba mtu mmoja, akisoma mistari kama ile mbele ya watu themanini, aliweza papo hapo kugeuza kifo kuwa pilipili. Sikustaajabu. Nilikasirika zaidi. Sasa nilikuwa nimedanganywa mara mbili, mara ya kwanza nikicheka, mara ya pili nikiacha kucheka.

Asubuhi ya sita Mangi alinikuta. Alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai ya tangawizi, akatazama boksi la sabuni lililojaa maandishi ya mkaa.

"Wewe binti, nakulipa usome?"

Hapo ningeweza kusema nimewasha ili nipime deki. Badala yake nikamwambia yote. Nikamsomea na boksi lenyewe. Alisikiliza bila kunywa chai.

"Kwa hiyo vile vichekesho vilikuwa vyake?"

"Vyote, Mangi. Anatudanganya tangu mwanzo."

"Na haya ya kuzama mtoni ndiyo ya kweli?"

"Ndiyo ya kweli."

Mangi akacheka. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu sikukitegemea. "Basi shida ni ndogo. Arudishe uongo."

Alimwita Paskali mchana huohuo, kwenye meza ya kona ya hoteli, wakati wa wali na maharage. Mimi nilikuwa namimina chai kwenye chupa, hatua nne kutoka kwao. Mangi alimwambia kwamba anajua anajitungia, na hana neno na hilo, ila aendelee kujitungia, na akisema tena habari za marehemu atafute maiki kwingine. Paskali hakubisha. Aliuliza kitu kimoja tu. "Nani kakuambia?"

"Nimeambiwa."

Paskali aligeuza shingo akatazama nje, upande wa mnadani, ambako siku ile hapakuwa na mtu wala mnyama. Alitazama kwa muda mrefu. Kwa miaka mingi nimejiambia sikuelewa alikuwa anatazama nini. Nadhani nilielewa. Birika lilikuwa mkononi mwangu, nami nikaendelea kumimina mpaka chai ikafurika mezani, na hata hivyo hakunitazama. Halafu akasema, "Siwezi tena kumsemea uongo yule mtoto wa kofia ya njano," akaacha sahani yake nusu, akaondoka. Kesho yake Mangi alileta mtafsiri mwingine, kijana wa Arusha mwenye misemo ya mjini, akaanza katuni upya. Watu walirudi, wakacheka kiasi. Mnada uliofuata Saning'o alikaa dakika tano, akachukua fimbo yake, akanijia jikoni. "Ndito, yuko wapi yule?" Nikamwambia, "Ameondoka." Akauliza, "Kwa nini?" Nikamwambia sijui. Kabla mwezi haujaisha, nami nikapanda lori la kwenda Babati.

Haya yote yalipita kichwani mwangu pale mlangoni mwa duka la pembejeo. Mama wa dengu alipotoka nikasogea, nikasema, "Kaka Paskali, shikamoo. Ni Naomi. Wa chapati." Alivua miwani, akanitazama, akapiga kaunta kwa kiganja. "Naomi! Wa Wasso! Marahaba, mdogo wangu. Wewe si walisema umeolewa Singida?" Nikamwambia watu wanasema mengi. Alinivuta nyuma ya kaunta, kwenye stoo yenye magunia ya mbegu na harufu kali ya dawa. Mke wake alikuwa ameleta ugali na mboga za majani na maziwa mgando, naye Paskali akaigawa sehemu yake mara mbili, na tukala tumekalia ndoo za mbolea. Alinieleza habari za wanawe. Nilimeza na kumchunguza. Kila alipotabasamu nilijiuliza, anajua? Alipolisukuma bakuli la maziwa upande wangu nilijiuliza, ananipima?

Yeye ndiye aliyeitaja. "Ile katuni ya konokono. Unaikumbuka?" Nikasema naikumbuka. "Mara ya kwanza niliposoma maandishi yake niliogopa. Watu wameingia wacheke, mimi niwaambie nini? Nikatunga. Halafu yule Mmaasai wa Kakesio, Saning'o, akanifuata siku moja. Kiswahili chake cha kuokoteza, anatazama nyuso tu. Akaniuliza, huyu mtoto kwenye picha hacheki, mbona wewe unacheka kwa niaba yake?" Paskali alinawa vidole kwenye bakuli la maji. "Nikamweleza ukweli. Yeye peke yake. Hata mke wangu hakujua. Na wiki chache baadaye Mangi anajua kila kitu."

Nikaanza kufinyanga tonge jingine.

"Alinichoma, Naomi. Aliyenifanya niseme kweli ndiye aliyekwenda kunisema. Alikuja kunitafuta nyumbani mara tatu. Mara ya tatu alileta ndama, akakaa nje ya ua tangu asubuhi mpaka jua likageuka. Nilimwambia mke wangu amwambie simo. Nilimwona kupitia tundu la dirisha anaondoka na ndama wake."

Ningeweza kunyamaza. Alikuwa hanishuku hata kidogo. Ndani ya mwaka ule mzima nilimshuku kila mtu, na hakuna aliyenishuku mimi. Ningemaliza maziwa, ningelipa dawa ya minyoo, ningepanda basi la Wasso. Nikaweka tonge chini.

"Hakuwa yeye, kaka. Ni mimi. Nilisoma CD asubuhi nikifagia, nikamwambia Mangi. Ulipouliza ni nani, nilikuwa pale namimina chai."

Mteja aliita dukani. Paskali aliinuka, akaenda. Nilimsikia akisoma maandishi ya pakiti ya mbegu, kila neno, hata anwani ya kiwanda. Mteja akaondoka. Hakurudi stooni kwa muda, na mimi sikumfuata. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, na alikuwa na kufuli mkononi.

"Leo ni mnada," akasema. "Twende."

Mnadani aliuliza watu watatu kama kuna mtu wa Kakesio, na wa nne akatuonyesha kijana mwenye shuka la bluu na simu mbili kiunoni, aliyekuwa anafunga mafahali wawili aliowanunua. Alimjua Saning'o. Ni kaka wa babu yake, akasema, yupo, ila macho yamekwisha na hashuki tena. Yeye anarudi huko kesho. "Nimwambie nani anamuulizia?"

Paskali alinitazama, akangoja.

Nikamwambia yule kijana jina langu. Nikasema, mwambie msichana wa chapati ndiye aliyemwambia Mangi siri ya Paskali, siyo yeye mzee. Mwambie nilijua Paskali anamdhania yeye, nikanyamaza. Kijana aliona haya kwa niaba yangu, kama wanavyoona haya watu wa kwao kupeleka neno baya kwa mzee. Akayarudia kwa Kimaasai, kwa sauti ya chini, ili tuone kwamba ameyashika. Mimi Kimaasai cha Wasso nakijua. Alisema msichana wa chapati anakusalimu sana, na kwamba palikuwa na kutoelewana zamani.

Paskali, ambaye maneno yake ya Kimaasai hayazidi hamsini lakini hakusikia humo jina la Mangi wala lake mwenyewe, alimshika mkono.

"Hapana, kijana wangu," akasema. "Hivyo sivyo alivyosema. Anza tena."